Programu ya mashindano ya kasino niliyoitumia kwenye bao na dhumna, Lamu: uzoefu wangu

Nianze na uamuzi wangu ili mwenye haraka aupate hapa hapa: ukiwa unaandaa mashindano ya bao, dhumna au karata yenye watu 12 kwenda juu, programu ya aina hii inafaa pesa yake. Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ilitengenezwa kwa ajili ya makasino, ipange meza za poka na blakijeki, michezo ya karata ya kasino, ihesabu chipu, vile vidude vinavyoshika nafasi ya pesa mezani, itoe orodha ya washindi. Mimi niliijua kupitia rafiki aliyewahi kufanya kazi kwenye kasino moja huko Malindi, nikanunua leseni yake kwa ajili ya mashindano yetu ya mtaani hapa Lamu.

Mashindano yetu hayana kiingilio wala dau. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza nililoulizwa na wazee wa barazani, na walikuwa na haki ya kuuliza. Kamari hatuitaki. Kwenye mipangilio unaweza kufunga ada, dau na ile nafasi ya kununua chipu upya baada ya kufilisika, na ukishafunga hesabu haiharibiki. Lakini kwenye skrini kubwa safu ya fedha haiondoki: alama ya dola inabaki pale na sifuri yake. Kwa mashindano ya Waislamu, mbele ya watu wazima, hilo ni kosa zito la watengenezaji. Mimi skrini kubwa niliiacha, nikawa nachapisha karatasi za kila raundi na kuzibandika ukutani.

Sasa faida yenyewe. Wachezaji 16 wakicheza ligi kamili, kila mtu na kila mwenzake, ni michezo 120. Bao la mafundi halina saa maalumu, kwa hiyo michezo 120 haiishi kwa siku moja wala mbili. Mtoano ni michezo 15 tu, ila nusu ya watu wanamaliza kazi yao kwenye raundi ya kwanza. Mtu katoka Matondoni na mashua, kacheza bao moja, kafungwa, basi. Anakaa pembeni anatazama wenzake mpaka jioni, na safari nyingine haji.

Programu ina sehemu iliyowekwa kwa ajili ya poka ya ana kwa ana, watu wawili wawili, na humo mna mfumo wa Uswisi, ule uliotumiwa kwanza kwenye sataranji mjini Zurich mwaka 1895. Hapa hatolewi mtu. Kila raundi mwenye ushindi hupangiwa mwenye ushindi kama wake, aliyefungwa hupangiwa aliyefungwa, na wawili waliokwisha kukutana hawakutanishwi tena. Watu 16 kwa raundi 4 ni michezo 32. Kwa kuwa bao halina sare, mwisho wa raundi ya nne anabaki mmoja tu mwenye ushindi wote 4, na kila mtu kacheza mabao 4, hata aliyefungwa yote.

Upangaji huo kwa mkono unawezekana. Nimeuona ukifanywa kwenye daftari. Tabu ni kwamba Lamu sote ni ndugu, na anayeshika kalamu lazima atakuwa na mjomba au shemeji kwenye orodha. Akimpangia mjomba wake mpinzani dhaifu, hata kama ni bahati tu, maneno yatafika mtaa wa Langoni kabla yake. Tulipoanza kutumia programu, mzee mmoja, fundi wa bao anayeheshimiwa sana, alisimama mbele ya karatasi ukutani akaisoma yote kwa utulivu, kisha akaniambia: "Mwanangu, hii mashine haina mjomba." Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Mwandalizi anabaki na kazi ya kuwakaribisha watu na kuamua kesi za mchezo, na lawama za upangaji hazimfikii.

Kuna jambo moja ambalo atakayeitumia kwa bao lazima alijue kabla ya siku yenyewe. Katika mahesabu hayo ya watu 16, bingwa ni mmoja, lakini wenye ushindi 3 ni wanne. Nani wa pili? Programu, kwa asili yake ya kasino, huwatenganisha kwa idadi ya chipu zilizobaki mkononi. Kwenye poka ni sawa, chipu ndiyo nguvu ya mchezaji. Kwenye bao kete hazisemi hivyo. Mchezo una kete 64 kwenye mashimo 32, na aliyebaki bila kete kwenye safu ya mbele kashindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Inawezekana kabisa aliyeshinda akawa na kete chache kuliko aliyeshindwa. Nilipoijaribu nyumbani kwa kuingiza kete mahali pa chipu, mpangilio uliotoka mchezaji yeyote wa bao angeukataa.

Dawa ipo, ila imefichwa ndani ya mipangilio. Unachagua hesabu ya Buchholz, iliyopewa jina la Bruno Buchholz, Mjerumani aliyeibuni mwaka 1932. Inajumlisha pointi za wapinzani wote uliokutana nao. Aliyepata ushindi 3 dhidi ya watu wagumu anakuwa juu ya aliyepata 3 dhidi ya wanyonge. Wazee waliielewa mara moja nilipowaeleza, na hakuna aliyepinga nafasi ya pili.

Kwa dhumna nilitumia sehemu ya blakijeki, na sikubadilisha kitu. Huko kila meza inacheza raundi zake, wenye pointi nyingi wanasonga mbele, halafu meza zinachanganywa upya kwa bahati nasibu. Dhumna letu ni vipande 28, watu 4, kila mmoja 7, wawili dhidi ya wawili. Unasajili jozi kama mchezaji mmoja, unaingiza pointi, yanayobaki inafanya yenyewe.

Kitu ambacho sikukitegemea ni usajili wa kuchelewa. Makasino yanauhitaji kwa sababu watu huingia muda wowote. Sisi tunauhitaji kwa sababu ya maji. Mashua za kutoka Pate, Siyu na Faza hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na maji yakipwa haupitiki vizuri. Mchezaji wa Faza anaweza kufika raundi ya kwanza imekwisha, naye hana kosa. Programu inampokea kwenye raundi ya pili bila kuvuruga waliotangulia.

Mapumziko nayo yamewekewa nafasi nzuri, ila yanahesabiwa kwa raundi, si kwa saa. Adhuhuri na Alasiri hazingoji raundi iishe, kwa hiyo lazima mtu asimamishe saa ya programu kwa mkono na kuiwasha tena watu wakitoka msikitini. Lugha ni Kiingereza tupu. Majina hukubali laqabu, jambo jema sana mahali ambapo kina Athmani wanajaa. Haihitaji intaneti kabisa baada ya kuisajili. Kwenye kompyuta yangu ya zamani haikuwahi kukwama.

Watengenezaji nimewaandikia kuomba mawili: safu ya fedha iweze kufutwa kwenye skrini, na hesabu ya wapinzani iwekwe mahali panapoonekana. La pili wamesema wataliangalia. La kwanza hawajalijibu.

Kama mko watu 8, msiinunue. Ligi kamili ya watu 8 ni michezo 28 tu, kila mtu anakutana na kila mtu, hakuna wa kupangiwa wala wa kulaumiwa, na daftari linatosha.