Jeli ya terbinafini ya nanoemalsheni: tathmini baada ya wiki tatu

Kwa sisi tunaoishi Pwani, ambako jasho halikauki hata usiku, dawa ya fangasi hupimwa kwanza kwa jinsi inavyokaa mwilini. Marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, ni ya bei nafuu na inaponya, lakini huchafua nguo na huwasha penye ngozi laini. Kwa hiyo, nilipopata choa kinenani na fangasi katikati ya vidole vya miguu, nilikubali ushauri wa mfamasia nikanunua jeli ya terbinafini (dawa ya kuua fangasi) asilimia 1 iliyotengenezwa kwa nanoemalsheni, yaani mchanganyiko wa maji na matone madogo mno ya mafuta, ingawa bei yake ilikuwa karibu mara nne ya tyubu ya klotrimazoli, dawa nyingine ya fangasi.

Terbinafini huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Katika jeli hii mafuta yaliyobeba dawa yamevunjwavunjwa ndani ya maji kuwa matone ya nanometa 20 hadi 200 hivi (nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ilhali unene wa unywele mmoja hukaribia nanometa 80,000, na viambato vya jamii ya sabuni vinayazuia yasiungane tena. Matone madogo kiasi hicho hugusa sehemu kubwa zaidi ya ngozi na kuisaidia dawa kupenya tabaka gumu la juu, ambamo ndimo fangasi hawa wanamoishi wakila keratini, protini inayojenga ngozi na nywele.

Jeli ilikauka kwa dakika chache bila kuacha doa, na muwasho wa kinenani ulitulia siku ya nne. Miguuni nilihitaji wiki mbili. Penye michubuko ilichoma kidogo. Siwezi kudai kwamba nilipona kwa sababu ya udogo wa matone, maana krimu ya kawaida ya terbinafini nayo huponya choa kwa wiki moja au mbili. Nilicholipia ni wepesi wa kupaka, nao ndio ulionifanya nisiruke hata siku moja.

Linalonisikitisha ni boksi: neno «nano» limeandikwa kwa herufi kubwa, na jina la dawa limebanwa pembeni kwa herufi ndogo mno. Hili si jambo dogo. Mpwa wangu aliwahi kuuziwa krimu yenye klobetasoli, ambayo ni steroidi kali na si dawa ya fangasi, kwa ajili ya choa. Wekundu ulififia kwa siku chache, tukashukuru, kisha choa kikasambaa mgongo mzima, kwa kuwa steroidi hutuliza uvimbe huku ikidhoofisha kinga ya ngozi. Tyubu yangu ya pili niliisahau dirishani juani, mafuta yakajitenga na maji, nikaitupa.

Kwa kinena nitainunua tena. Kwa mapunye ya watoto nisingeinunua kabisa, kwani fangasi wa mapunye huingia hadi ndani ya nywele na mtoto huhitaji dawa ya kumeza.