"Mungu yuko hata kwenye basi": hija yangu ya Padua

Nyota za kampuni iliyotupeleka nazitoa mapema kabisa, kabla hasira haijanisahaulisha: moja. Na hiyo moja ni ya dereva.

Mwenye haraka asome hapa tu. Kama roho yako inakutuma Padua kwa Mtakatifu Antoni, nenda, usisite. Ila ukipewa ratiba ya hija, angalia mabano. Yetu iliandikwa "Padua (kupita)". Mimi yale mabano niliyaona kwa macho yangu haya, nikajua ni mambo ya wachapaji. Kumbe ndiyo mkataba wenyewe.

Nililipa kidogo kidogo karibu mwaka mzima, maandazi kwa maandazi. Roma sina neno. Assisi sina neno, tena tulilala. Lakini mimi sikupanda ndege kwa ajili ya Roma. Nilimfuata Antoni. Kwetu huyu hatambulishwi kwa mtu: funguo zikipotea, ng'ombe akipotea, mume akipotea, anaitwa yeye. Mama yangu alikuwa akimpa masharti kabisa, "Antoni, mpaka saa kumi uwe umeshaniletea ule mkufu," na nadhani walielewana.

Basi jumuiya yetu iliposikia naenda, wakaniletea nia zao. Vikaratasi 41 kwenye bahasha ya kaki. Kijana mmoja aliyepoteza cheti cha kidato cha nne aliandika mpaka namba yake ya mtihani, Antoni asije akamletea cha mwingine. Jirani yangu Mwislamu naye alileta chake, kakikunja mara nane, akaniambia, "Dada, wewe peleka tu, usiulize." Kimoja nilikiandika mimi mwenyewe, kwa sababu mwenye nacho hajui kuandika. Alikuja jioni, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Andika hivi: Antoni, mwambie aache mkono. Jina langu usiweke, ananijua." Nikaandika. Nikakiweka pamoja na vingine.

Sasa tufike Padua. Basi limetushusha mbali, tumetembea, jua kali, akina mama wengine miguu imeshavimba tangu juzi. Tumefika uwanja wa mbele ya kanisa, mwongozaji wetu akasimama. Ni kijana wa kwetu kabisa, ameishi huko miaka mingi, Kiitaliano kinamtoka kama maji, na hilo simnyimi. Alisimama chini ya sanamu ya mtu aliyepanda farasi. Ni ya shaba, imetengenezwa na mchongaji Donatello, aliyepandishwa juu anaitwa Gattamelata, alikuwa jemadari wa kukodiwa. Tukaelezwa farasi. Tukaelezwa kwato za farasi. Mimi na saa yangu: dakika 8. Kisha akasema, "Ndani tuna dakika 25, tusipotezane."

Yaani farasi wa jemadari amepata theluthi ya muda aliopewa Mtakatifu.

Mle ndani, ndugu zangu, dakika 25 hazitoshi hata kushangaa. Ni kanisa la kuba nane. Kaburi liko mkono wa kushoto, kwenye kikanisa chake, ukutani kumezunguka picha 9 za kuchongwa kwenye marumaru, kila moja muujiza wake, watu ukubwa wa watu. Mahujaji wanapita nyuma ya altare, na hapo ndipo kila mmoja anaweka kiganja chake kwenye jiwe la kaburi. Hakuna anayekuelekeza, unamwona aliye mbele yako anavyofanya. Mbele yangu alikuwa baba mmoja mtu mzima, sijui wa nchi gani, aliegemeza paji la uso kwenye jiwe mpaka mabega yakawa yanatetemeka. Hakuna aliyemharakisha. Nalisema hilo kwa makusudi: foleni nzima ilimngoja.

Zamu yangu ikafika. Jiwe baridi, laini, limelainishwa na viganja vya watu. Mkono wa kulia kwenye jiwe, wa kushoto umeshika bahasha. Nikaanza Baba Yetu. Nimefika "utakalo lifanyike", nikasikia mkoba wangu unavutwa kwa nyuma. Nikadhani kibaka, maana tulionywa. Kugeuka, ni mwongozaji, kashika mkanda wa mkoba wangu kama mtu anayekokota mbuzi.

"Mama, twende, wenzako wanatoka."

Nikamwambia, mwanangu, ngoja nimalize sala.

"Mama, Mungu yuko hata kwenye basi."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mpaka leo. Nikiwa nakanda unga nayasikia. Kama Mungu yuko hata kwenye basi, na kweli yuko, kwa nini kampuni ilinitoza mamilioni kuja kumtembelea rafiki yake Italia? Si ningepanda daladala ya Mbagala nikasali huko huko?

Kwenye kule kuvutwa bahasha ikafunguka. Vikaratasi vikamwagika chini, palepale kaburini. Mtawa mmoja mzee, hatufahamiani hata lugha, akapiga magoti akanisaidia kuokota. Kuna mahali watu wanaacha barua na picha za wagonjwa wao, nikatupia nilichoweza kushika, labda kumi, labda kumi na tano. Kile nilichokiandika mimi nilikitafuta kwa macho, sikukiona. Vilivyobaki nikavirudisha kwenye bahasha nikiwa ninatembea.

Ulimi wa Mtakatifu tuliuona kwa mwendo wa kuaga. Uko nyuma kabisa, kwenye kikanisa cha masalia, ndani ya chombo cha mfua dhahabu. Mwaka 1263 walipofungua kaburi, Mtakatifu Bonaventura akiwepo, mwili ulikuwa umekwisha na ulimi umebaki, ulimi wa mhubiri. Kuna na taya lake, ambalo mwaka 1991 majambazi waliliiba kwa silaha, likapatikana kabla mwaka haujaisha. Hiyo ndiyo hadithi ninayoitaka mimi! Mtafutaji wa vilivyopotea naye kaibiwa taya na limerudi. Hayo yote alitusimulia padre mlezi ndani ya basi, kwa kipaza sauti kinachokwaruza, kwa sababu mle kanisani mwongozaji alikuwa anatuhesabu. Padre ndiye aliyesema pia kwamba Antoni si Mwitaliano, ni Mreno wa Lisbon, na kwamba alifariki Juni 1231 na kutangazwa mtakatifu Mei 1232, hata mwaka haukutimia. Mwongozaji akadakia, "Mnaona? Hata Papa alikuwa na haraka." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Haya, nilicheka kidogo.

Sasa sikilizeni. Kutoka kanisani tukapelekwa dukani. Rozari, vioo, sumaku za friji. Muda: dakika 50. Dakika hamsini, na yule aliyenivuta mkoba yuko kaunta anakunywa kahawa ya bure na mwenye duka, wanapigana mabega.

Nikatoka. Sikuaga mtu.

Pembeni tu ya kanisa, uwanjani pale pale, kuna jumba la chama cha kale cha waamini wa Mt. Antoni, wanaliita Scoletta. Kiingilio ni hela ndogo. Unapanda ngazi, unatokea kwenye ukumbi ambao kuta zote zimechorwa miujiza yake. Nilikuwa peke yangu na mlinzi anayesinzia. Tatu kati ya picha zile ni za mchoraji Tiziano, alizichora mwaka 1511 akiwa bado kijana. Moja ni ya kichanga kilichofumbua kinywa kumtetea mama yake, maana baba alikuwa anasema mtoto si wake. Nikasema haya, wanaume wa Padua nao.

Kisha nikaona ya pili. Mwanamume amevaa nguo ya mistari myekundu na myeupe, kisu juu, mke wake yuko chini ardhini, mkono ameunyanyua. Wivu. Alimdhania, na hakuwa na kosa. Picha imejaa wao wawili tu, unaweza kusikia anavyohema. Halafu kule nyuma, mbali, wadogo kama vidole, ndiyo unamwona mwanamume yule yule amepiga magoti mbele ya Antoni anaomba msamaha, na hadithi inasema Mtakatifu alimrudishia mke uhai. Huyu mchoraji alikuwa anajua. Kipigo kakiweka mbele, kikubwa, na msamaha kauweka kule mbali, mpaka uutafute.

Nilisimama pale nimeshika bahasha. Sijui dakika ngapi, na ndizo dakika pekee za safari nzima ambazo sikuzihesabu. Nikamwaga vikaratasi kwenye benchi, nikafungua kimoja kimoja, Mungu anisamehe, mpaka nikakipata cha mwandiko wangu. Kilikuwa hakijaachwa. Ile Baba Yetu niliyokatishwa kule kaburini nikaimalizia hapo, mbele ya yule wa mistari. Mlinzi akaamka, akaniangalia, akasinzia tena.

Kwa hiyo, nyota? Kwa chumba kile natoa tano. Kampuni haikunipeleka, lakini kama isingekuwa uroho wao wa duka nisingekiona. Kwa hiyo labda niwape mbili? Subirini.

Narudi kwenye basi nimechelewa. Nakubali. Mwongozaji kasimama mlangoni, mbele ya watu thelathini na kitu, padre akiwemo: "Mama, wewe ni mtu mzima, unatuchelewesha kama mtoto wa chekechea!" Nina wajukuu mimi. Nilipanda bila kujibu, kwa sababu kama ningejibu nisingeweza tena kukomunika siku inayofuata.

Dereva, Mwitaliano mtu wa makamo, aliniona kwenye kioo nafuta macho na bahasha mapajani. Tulipofika hotelini watu wakashuka, yeye akanyooshea bahasha kidole. "Sant'Antonio?" Nikaitikia kwa kichwa. Akapiga ishara ya msalaba, akajigusa kifua, akaonyesha tulikotoka, akasema "domenica". Kiitaliano sijui, lakini sisi Wakatoliki Dominika tunaijua. Nikampa bahasha yote, na kile cha mwandiko wangu juu kabisa. Akaiweka nyuma ya kizuia jua, karibu na picha ya watoto wake.

Baadaye padre alinieleza kwamba mabasi hulipia kibali cha kuingia miji ile, na muda ukipita faini anakatwa mwongozaji. Nikalainika. Nikasema maskini, kijana naye ana mabosi, nikafuta nyota moja nikaandika mbili. Halafu nikazikumbuka zile dakika 50 za sumaku za friji, ambazo kibali hakikuzilalamikia. Moja. Inabaki moja.

Mtaniuliza kuhusu majibu. Cheti cha yule kijana hakijapatikana, ameshaanza kufuatilia kingine. Jirani yangu wa karatasi iliyokunjwa mara nane siku moja aliniletea sahani ya vitumbua, hakusema kwa nini, na mimi nimekatazwa kuuliza. Yule mwingine alikuja, akasimama mlangoni vile vile. "Ilifika?" Nikamwambia ilifika.

Na sasa mtanicheka: nimeshaandikisha jina tena, kampuni hiyo hiyo. Wengine wote wanataka hela yote kwa mkupuo, hawa wanapokea kwa awamu. Safari hii nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba Padua tunalala, na siti yangu iwe nyuma ya dereva, yule yule kama bado yupo. Wamenijibu "asante kwa maoni yako" na kijipicha cha mshumaa. Ila wanasema hawawezi kupokea awamu ya kwanza mpaka nilipe yuro 25 za hedifoni yao niliyoipoteza siku ile ile, ama kaburini ama kwenye ngazi za Scoletta. Nimewaambia wamwulize Antoni.