Vijiti vya kioo vya Effetre kwa shanga za maua: vizuri sana, ila seti ya rangi zote achana nayo

Niseme mapema ili watu wasinijie inbox baadae. Kama unachotafuta ni ushanga wenye ua linaloonekana ua kweli, yaani mtu akiushika ajue hii asumini, hili waridi, sio madoa ya rangi yamepangwa duara, basi vijiti vya Effetre pesa yako haitapotea. Lakini ile seti kubwa ya rangi zote iache dukani. Nunua nyeupe, nunua kioo safi kisicho na rangi kwa wingi, alafu rangi nne tano zinazopitisha mwanga. Basi, maua mengi yamo humo.

Kwa asiyevijua, ni vijiti vinavyotengenezwa Murano, kile kisiwa cha Venice, wakongwe bado wanaviita Moretti. Urefu kama sentimita 33, unene milimita 5 au 6, unakiyeyusha kwenye moto wa tochi ya gesi huku unakizungushia kwenye kijiti cha chuma kilichopakwa udongo maalum ili ushanga ukipoa uchomoke. Muhimu ni namba yake, 104, ndio kiwango cha kioo kutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Ukichanganya na kioo cha 90 kama cha kampuni ya Bullseye, au boro (kile kioo kigumu cha borosilicate) ambayo ni 33, ushanga utapasuka, na saa nyingine haupasuki papo hapo, unasubiri umeshauuza! CiM, kampuni nyingine ya vijiti, nayo ni 104 kwahivyo zinaingiliana.

Na msidhani hawa watu wa Venice wameanza maua juzi. Shanga zao za zamani zenye viwaridi vya pinki na michirizi inayometa ya rangi ya dhahabu zina jina lake kabisa, fiorato. Kwetu pwani tumezijua shanga za Venice toka zamani, karne ya 19 zilikuwa zinapita Unguja kwenda bara kwa misafara, zile nyekundu za samesame zilikuwa kama hela. Hazikuwa na maua lakini zilitoka hukohuko kwa babu zao.

Haya turudi kwenye vijiti. Nyeupe ya Effetre ni laini, inayeyuka haraka na inatandaa kama uji. Wengine hawaipendi kwa sababu hiyo, mie naipenda kwa sababu hiyohiyo, manake petali inataka kutandaa. Unaweka nukta tano za nyeupe kuzunguka sehemu moja, unaziyeyusha mpaka zilale nusu, juu ya kila nukta unaweka nukta ndogo zaidi ya rangi inayopitisha mwanga, tuseme zambarau nyepesi, nayo unailaza, alafu nyeupe tena kidogo ukiisogeza upande wa katikati ya ua. Hapo ndio siri yote. Nyeupe ya chini inarudisha mwanga kupitia ile zambarau na pale ilipo nyembamba rangi inapauka, pale ilipo nene inakolea, kwahivyo petali inapata kivuli chake yenyewe bila wewe kuchora chochote. Ukiweka zambarau nzito isiyopitisha mwanga, hata ikiwa nzuri vipi kwenye kijiti, utapata kibandiko.

Alafu unapasha moto katikati tu, penye kitovu cha ua, unachoma kwa sindano ya tungsten (chuma kinachostahimili moto) na petali zote zinavutwa ndani kidogo, ua linapata shimo. Juu ya kile kishimo weka tone la kioo safi, hewa inanaswa chini yake inakuwa kipovu, ukitazama utadhani umande. Ukimaliza unafunika ushanga wote kwa kioo safi, na kwa vile juu kumeviringa kile kioo kinafanya kazi ya lenzi, ua linakua na linaonekana limezama ndani. Watu wananiuliza umeliingizaje!

Kwahivyo kioo safi ndio kitakachoisha kwanza, agiza mara mbili ya unavyofikiria. Kifute kwa spiriti kabla ya kutumia, kata ile ncha yenye mikwaruzo, kiingize motoni polepole na ukae mbali kidogo na mdomo wa tochi, la sivyo masizi na vipovu vitaingia na ua lako zuri litakuwa nyuma ya ukungu. Hii ni kwa kioo safi cha kampuni yoyote.

Asumini ndio ilinipa kazi ngumu, na hapa Lowell, Marekani, kina mama wa Mombasa ndio wanayoitaka, kila harusi "nitengenezee ya asumini". Shida petali nyeupe juu ya petali nyeupe zinameza mipaka, unabaki na wingu. Dawa yake ni uzi mwembamba sana wa kijivu kinachopitisha mwanga, unapita baina ya petali na petali, alafu kijani hafifu pale katikati. Huo uzi unauvuta mwenyewe kutoka kwenye kijiti kikiwa moto, uwe mwembamba kama nusu milimita hivi, ukiwa mnene ua linakuwa katuni. Majani vilevile, kijani kimoja hakidanganyi mtu. Vuta uzi wenye kijani kizito ndani na kijani cha kupitisha mwanga nje, jani lako litakuwa na mshipa.

Sasa ile seti. Kuna duka la mtandaoni, jina nalihifadhi, linauza boksi la rangi zote limeandikwa ni la maua, nikaagiza. Nusu ya vijiti ni rangi nzito, machungwa, bluu ya baharini, nyeusi mbili (nyeusi mbili za nini kwenye maua jamani?), kioo safi vijiti viwili tu, na rangi hazikuwa na lebo. Bila lebo hujui umeshika nini, manake kuna nyekundu zinazopitisha mwanga ambazo zikiyeyuka zinafifia kabisa, rangi inarudi ukiziacha zipoe kidogo kisha ukazipasha tena, asiyejua atadhani ameuziwa feki. Vijiti vyenyewe havina kosa, waliopanga lile boksi hawajawahi kutengeneza ua. Nunua rangi mojamoja kwa uzani.

Rubino oro, ile pinki yenye dhahabu ndani, bei yake ni mara kadhaa ya rangi za kawaida. Inafaa? Kwa waridi ndio, wallahi. Lakini usiitumie hivihivi, izungushie kwenye nyeupe uvute uzi, kijiti kimoja kitakutolea mawaridi mpaka uchoke. Na kijiti cha rangi ya pembe ya ndovu usikiweke kando ya cha feruzi, salfa ya huku na shaba ya kule zinapambana na unapata mstari mweusi katikati. Ukitaka mstari mweusi sawa.

Mtu aliye huku Massachusetts na anataka kujua ua la kioo linaweza kufika wapi aende Harvard kwenye jumba lao la makumbusho, akaone kazi za Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, mafundi wa Dresden, Ujerumani, waliotengeneza mimea ya kioo zaidi ya 4,000 toka 1887 mpaka 1936 kwa moto wa taa. Utaapa yamechumwa asubuhi. Ila usitoke pale umekata tamaa, wao walikuwa na waya ndani na rangi za kupaka, sisi ua lote liko ndani ya ushanga na rangi ni ya kioo chenyewe. Mie nilichoiba kwao ni kutazama, petali halisi hazilingani. Moja imekunjika, moja fupi. Toka nianze kupishanisha ukubwa wa zile nukta tano maua yangu yamechangamka.

Gharama ambazo hazimo kwenye bei ya vijiti: miwani ya didimiamu, bila hiyo ule mwanga wa manjano wa kioo kikiwa motoni utakuzuia kuona unachofanya, na tanuru dogo la umeme. Shanga zilizofunikwa kioo ni nene, zinataka kukaa kwenye nyuzi 515 hivi za sentigredi kisha zishuke polepole kwa masaa. Zile blanketi za kufunikia shanga zikitoka motoni zinachelewesha tu kupoa, hazifanyi kazi ya tanuru.

Na walioniuliza kuhusu kuviagiza Mombasa: vinafika, lakini ni vizito na posta inakula, agizeni watu kadhaa pamoja. Vifungwe kwenye bomba gumu la plastiki. Na msifikirie kupunguza gharama kwa kuchanganya na vioo vya chupa, chupa zina namba yake nyingine. Shanga za chupa zitengenezeni za chupa tupu, kijani cha chupa ya bia chenyewe ni kizuri sana.