Kibodi na kipanya visivyo na waya: betri za AA au chaji ya ndani?

Kwenye maduka ya kompyuta Kariakoo utakuta aina mbili: vinavyotumia betri za AA au AAA, na vyenye betri ya lithiamu ndani inayochajiwa kwa waya wa USB.

Chaji ya ndani inavutia. Hununui betri tena, na umeme ukikatika unachajia kwenye laptopu au pawabenki. Angalia tu tundu la chaji liko wapi. La kipanya cha Apple kiitwacho Magic Mouse liko chini, kwa hiyo kikichajiwa hakitumiki. Kinachonisumbua zaidi ni uzee. Lithiamu huchoka mwaka hadi mwaka, joto la Dar huiharakisha, na vifaa vingi havifunguki kirahisi ili ubadilishe betri. Unatupa kifaa kizima ambacho vitufe vyake bado ni vizima!

AA zikiisha, unakwenda kwa Mangi, duka la mtaani, kununua nyingine. Ila zile za bei rahisi za zinki-kaboni hazidumu, na ukizisahau ndani huvuja na kula vyuma. Kipanya ndicho mlaji mkubwa, maana taa ya kihisi chake cha mwendo hufanya kazi muda wote kinaposogezwa. Kibodi husubiri kubonyezwa.

Mimi nachagua kifaa cha AA, kisha naweka betri za NiMH za kuchaji. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kiashiria kinaweza kuonyesha chaji pungufu mapema, lakini vifaa vingi hufanya kazi vizuri, na betri zenyewe huchajiwa mara mamia. Nunua nne: mbili kazini, mbili kwenye chaja.