Saa kutoka Japani hadi Arusha: kodi niliitarajia, ada za msafirishaji hapana

Mwaka jana niliagiza saa ya mkono aina ya Seiko, ya otomatiki, kutoka kwa muuzaji wa Japani kwa dola 240, na nikachagua kampuni ya kimataifa ya vifurushi iletwe hadi mlangoni kwangu, Njiro. Nauli ilikuwa dola 65, nikailipa palepale nilipoagiza, nikidhani kwamba kilichobaki ni kodi ya serikali peke yake.

Kodi yenyewe nilikuwa nimeshaipigia hesabu. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, saa ya mkono hutozwa asilimia 25, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ushuru huo, jambo ambalo wengi wetu hulisahau na kujumlisha tu 25 na 18. Kwa saa yangu ushuru ulikuwa dola 60, na VAT, iliyokokotolewa juu ya dola 300, ikawa 54. Pamoja na tozo ndogondogo za forodha, serikali ilichukua kama dola 120. Ni nyingi, lakini sikushtuka.

Kilichonishtua ni ankara ya kampuni. Kulikuwa na dola 30 za kushughulikia forodha, dola 15 za kile walichokiita kutanguliza malipo, yaani wao kunilipia kodi kabla sijawarudishia, na dola 12 za ghala kwa siku nne. Ukijumlisha na nauli, kampuni imepata dola 122, zaidi ya serikali yenyewe. Hiyo ada ya kutanguliza ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimewaomba kwa simu wanipe kontroli namba, yaani namba ya kulipia serikali, nilipe mwenyewe benki, nikajibiwa kwamba utaratibu wao hauruhusu. Na hizo siku nne za ghala zilitokana na mhudumu wao kung'ang'ania karatasi ya usalama wa betri kwa saa isiyo na betri, ambayo hujijaza kwa mkono unavyotikisika. Nilimtumia picha ya mgongo wa saa pamoja na maelezo ya kiwanda mara mbili ndipo akaelewa.

Muuzaji alikuwa amenishauri aandike thamani ya dola 40 na neno "zawadi". Nilikataa, na ninashukuru nilikataa. Neno zawadi haliifutii saa kodi, afisa wa forodha ana mamlaka ya kukadiria upya thamani asiyoiamini, na kifurushi kikipotea bima hulipa kile kilichoandikwa. Rafiki mmoja wa Moshi naye alidai kwamba ningeipitishia Nairobi na kuvuka nayo mpaka wa Namanga bila kulipa chochote. Msamaha wa ndani ya jumuiya ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na saa iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala usiku mmoja Nairobi.

Saa ya pili, ya dola 120, niliagiza kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, ikaja na fomu ya forodha ya CN 23 iliyojazwa vizuri pamoja na nakala ya risiti ya malipo. Viwango vya kodi ni vilevile, hakuna muujiza hapo: ushuru 30, VAT 27. Tofauti ni kwamba nauli ilikuwa dola 28, na nilikwenda mwenyewe kuichukua posta, karibu na Mnara wa Saa, mahali panapofaa kweli kwa shughuli hiyo. Ilichukua siku 19, wakati ile ya kwanza, hata kwa kuhesabu siku za ghala, ilichukua 9.

Kwa saa ya bei kubwa bado ningerudi kwa kampuni ya vifurushi, kwa kuwa unaona kifurushi kilipo kila hatua, ila safari hii ningedai kwanza orodha ya ada zote kwa maandishi na kumpelekea mhudumu risiti na maelezo ya saa kabla haijatua nchini. Kuhusu zile dola 12 za ghala, niliandika barua ya malalamiko nikiambatisha mawasiliano yetu, na baada ya wiki tatu wakazirudisha zote. Dola 15 za kutanguliza malipo wamezishikilia mpaka leo.