TAHADHARI: Taa za kuoteshea mboga zinauzwa Dar es Salaam kama taa za matumbawe

Kwa wote mnaofuga matumbawe kwenye matangi madogo ya maji chumvi, yale ya lita 60 hadi 100: kuna muuzaji anayetangaza kwenye Instagram na makundi ya WhatsApp taa za LED anazodai ni taa maalumu za matumbawe za wati 165, kwa bei isiyozidi theluthi ya bei inayojulikana sokoni. Nimezifungua taa kadhaa kati ya hizo kwa ombi la watu walioziona zikiwaharibia tangi, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyakuta ndani ya kasha pamoja na namna anavyowashawishi wanunuzi, kwa sababu mbinu zake zimepangwa vizuri kiasi cha kumpita hata mfugaji mzoefu.

Mgongoni mwa kasha kuna stika ya bluu yenye picha ya matumbawe. Ukiinua ukingo wake kwa ukucha unaikuta stika ya kiwandani chini yake, na hiyo ina picha ya mche wa nyanya. Diodi nyingi, yaani vile vitaa vidogo vya LED, ni nyekundu na nyeupe yenye umanjano, na za bluu hazifiki robo. Tumbawe hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, na mwani huo umezoea mwanga wa baharini, ambako rangi nyekundu hunyonywa na maji katika mita chache za mwanzo na bluu ndiyo inayofika kwenye miamba. Ndiyo maana taa halisi za matumbawe hulundika nguvu zake kati ya nanomita 420 na 480 (nanomita hupima urefu wa mawimbi ya mwanga, unaoamua rangi yake). Hata hivyo, mwani huo unaweza kutumia kiasi fulani cha mwanga wa taa ya mboga, kwa hiyo tumbawe halifi siku ile ile. Hugeuka kahawia taratibu na kujinyoosha likitafuta mwanga, na hali hiyo inapokuja kuonekana wazi, dhamana yake ya siku 14 imekwisha zamani. Kwa maoni yangu urefu wa dhamana hiyo haukuchaguliwa kwa bahati.

Namba 165 inatokana na hesabu nyepesi: ndani kuna diodi 55, na kila moja imeandikwa kuwa inaweza kuhimili wati 3. Kuhimili si kutumia. Hata watengenezaji waaminifu huziendesha diodi chini ya kikomo chake ili zisichemke, lakini wao huandika pia umeme unaoliwa hasa. Moja ya taa hizi, ikiwa imewashwa yote, ilisoma wati 42 kwenye mita ya kuchomeka kwenye soketi. Mita ya namna hiyo si ghali, na muuzaji yeyote mwenye bidhaa ya kweli hatakataa uichomeke mbele yake.

Mbinu inayowanasa wengi zaidi ni video. Muuzaji anaweka simu yenye programu ya kupima mwanga chini ya taa yake, kisha chini ya taa ya kampuni inayojulikana, na ya kwake inasoma mara tatu zaidi. Usomaji huo si wa kughushi, ila hauna maana kwa tumbawe. Laksi, ambayo ndiyo kipimo cha programu hizo, na lumeni hupima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu huona vyema zaidi karibu na nanomita 555, yaani kijani chenye kuelekea manjano, huku bluu ya nanomita 450 likiihesabu kidogo mno. Taa nyeupe ya manjano itashinda kila mara kwenye kipimo hicho. Kinachohitajika ni PAR, yaani kiasi cha chembe za mwanga kati ya nanomita 400 na 700 kinachofika mahali fulani kila sekunde, na hupimwa kwa kifaa chenye kihisio kinachozamishwa majini. Matumbawe laini huridhika na takribani mikromoli (kipimo cha idadi ya chembe hizo) 50 hadi 100 kwa mita ya mraba kwa sekunde, yale magumu yenye nyama kubwa yanataka kama 80 hadi 150, na yale ya matawi yenye vitundu vidogo huhitaji 200 na zaidi. Mwambie muuzaji akutumie mchoro wa PAR kwa tangi la kina cha sentimita 35, ukionyesha katikati na pembeni. Huyu ninayemsema hujibu, "Mkuu, hiyo taa ni kali, utaomba miwani." Na zile picha za matumbawe yanayometa kijani na machungwa zisikushawishi pia, kwa kuwa hata tochi ndogo ya bluu huyafanya yamete hivyo.

Hatari kubwa kuliko zote haihusu matumbawe. Kasha ni la alumini na plagi ina pini tatu, lakini ndani waya wa ethi umekatwa kabla ya kufika kwenye kasha. Ukiweka testa kati ya pini ya ethi na skrubu ya kasha, hakuna mawasiliano, yaani umeme haupiti kati yake. Bodi haikupakwa rangi ya kuizuia chumvi, na feni inavuta mvuke wa tangi moja kwa moja hadi kwenye viungio, ambavyo tayari vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Hicho ni chombo cha volti 230 kinachoning'inia juu ya maji ya chumvi ambamo unatia mkono kila siku. Iwapo unayo taa hii, izime kwenye soketi kabla hujasoma aya inayofuata.

Kuhusu malipo, yeye hana Lipa Namba wala risiti ya EFD; hutoa namba ya mtu binafsi, husema mzigo umebaki mmoja, na hukuomba utume na ya kutolea. Ukisitasita anakuongezea zawadi ya kipande cha tumbawe "kibichi kutoka Mbudya". Kisiwa cha Mbudya kimo katika Maeneo Tengefu ya Bahari, yanayolindwa kisheria, na kung'oa tumbawe huko ni kosa la jinai ambalo hutaki jina lako lihusishwe nalo.

Waliokwisha kununua wahifadhi kasha, stika zote mbili, ujumbe wa simu na ule wa muamala, kisha wapeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia, na polisi ikiwa mzigo haukufika kabisa. Matumbawe yaliyogeuka kahawia mara nyingi hurudisha rangi, mradi taa mpya isiwashwe kwa nguvu zote siku ya kwanza, kwani mwanga mkali wa ghafla hulifanya tumbawe litapike mwani wake na kupauka. Anzeni na asilimia 20 hadi 30, mkiongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.