Walirusha jiwe ili pungu aruke tupate picha

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu huduma, lakini hili limenikaa kooni tangu msimu uliopita. Nililipia asubuhi mbili za kupiga picha ndege wala nyama wakiwa porini, kwenye kibanda cha kujificha, pamoja na mwongozaji. Kuhusu asubuhi ya kwanza nina sifa tupu.

Kibanda kimejengwa na mtu anayejua kazi. Kiko mtelemkoni, kwa hiyo ukikaa ndani lenzi inalingana na matawi ya juu ya mti wa ng'ambo. Humpigi ndege kutokea chini ukaambulia tumbo na anga jeupe. Jua linachomoza mgongoni kwako. Kijana mpole alituingiza kukiwa bado giza, akatuasa jambo moja tu: tusimharakishe ndege, atatuambia mwenyewe. Na alituambia. Pungu jike (pungu ni aina ya tai; jike utamjua kwa ule ukijivu wa bawani) alitulia kwenye tawi kavu muda mrefu, kisha akageukia upepo, akainama kidogo, akatoa kinyesi. Ukiona hivyo kidole kiwe tayari, anaruka sasa hivi. Akaruka. Nilitoka pale nimeshaamua kuwapa nyota tano.

Asubuhi ya pili alikuja mwongozaji mwingine, nadhani ndiye mkubwa wao. Tawi kavu lilikuwa tupu. Pungu alikuwa ndani zaidi, katikati ya majani, amejilaza, na kwa lenzi ndefu nikaona vijiti. Kiota! Hakuna aliyetuambia kwamba tumeelekezewa kiota. Tukasubiri kama saa nzima, hakunyanyuka, na ndivyo inavyopaswa, kwani anayeatamia hanyanyuki ovyo. Wageni wawili wakaanza kuguna. Yule bwana akatoka nje, akapiga makofi. Pungu akashusha kichwa, akajibana zaidi. Basi akaokota jiwe akalirusha kwenye shina.

Kamera zote zililia. Na yangu ililia. Sikuamua, kidole kilikwenda chenyewe, na hilo linaniuma kuliko pesa niliyotoa.

Nikamwuliza, "Kaka, huyu anaatamia, kwa nini umemfukuza?" Akanijibu mbele ya wote, "Dada, umekuja kupiga picha au kuatamia naye?" Wakacheka.

Pungu hutaga yai moja tu, na huliatamia karibu miezi miwili. Akisumbuliwa kiotani anaweza kukitelekeza moja kwa moja. Kinda akijaliwa kutoka, atangoja miaka 6 hadi 8 kabla hajavaa zile rangi nyeusi na nyekundu tunazozifuata na mizigo yetu ya lenzi. Tangu 2020 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imemweka kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Anayeuza asubuhi za kumtazama ndege huyu hana haki ya kutoyajua haya. Na kama anayajua, basi ni mbaya zaidi. Nilitazama saa: dakika 23 zilipita kabla jike hajarudi, na asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kutufanya tuvae makoti. Yule bwana muda wote huo alikuwa akiwauliza wageni kama wamepata.

Nilipata. Picha ile ndiyo kali kuliko zote nilizowahi kupiga: mabawa yamefunguka yote, uso mwekundu umepokea jua, jicho linang'aa. Sijamwonyesha mtu. Kuifuta nako nimeshindwa.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimetua kwenye nyota tatu, kwa sababu kibanda ni kizuri kweli na kijana wa siku ya kwanza anastahili wageni wengi. Nilitaka hata kushauri kwamba mwombeni yeye, mkihakikishiwa ni yeye nendeni. Hapana, msiende. Atakayeshika zamu hamtamchagua ninyi. Nimeifungua tena ile picha sasa hivi, na kwenye kona ya chini kuna kitu nilikuwa sijakitazama vizuri: ukingo wa kiota, na majani mabichi aliyokuwa amejitandikia.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana.